Ombi la Awali Lisitoke Chuoni Bila Ruhusa, na Ruhusa Isikawie



Twajua ya kwamba wengine wenu mkiona kichwa cha maneno haya mtasema: "Haya ni mambo ya maprofesa. Sisi watu wa reli yatuhusu nini?" Swali hilo ni la haki, na twapenda kulijibu kwanza kabla ya kuingia katika shauri lenyewe.

Yatuhusu kwa sababu tatu. Kwanza, katika vyuo vikuu vyetu si maprofesa peke yao wafanyao kazi. Kuna mafundi wa maabara, madereva, makarani, wapishi, wafagiaji na walinzi. Hao ni wafanya kazi kama sisi, wana vyama vyao, na mara nyingi riziki yao hufuata mikataba ambayo wao hawakuulizwa neno. Pili, watoto wetu wasoma huko, kwa karo tuitoayo mfukoni na kwa mikopo watakayoilipa wenyewe. Tatu, utafiti mwingi wafanywa juu ya miili yetu, mashamba yetu na mitaa yetu. Mtu akija kupiga hodi Landi Mawe, Majengo au Kibera akiwa na karatasi ya maswali, ametoka na ahadi aliyoiandika mahali fulani. Ni haki yetu kujua nani aliipitisha ahadi hiyo.

OMBI LA AWALI NI KITU GANI

Mtaalamu wa chuo akitaka fedha za utafiti, haendi kwa mwenye fedha siku ya kwanza na kitabu kizima. Mara nyingi mwenye fedha humwambia: Niletee kwanza karatasi chache nione kama shauri lako lafaa. Karatasi hizo ndizo ombi la awali. Likipendeza, mtaalamu huitwa alete ombi kamili lenye hesabu zote. Lisipopendeza, mambo huishia hapo, na mtu hakupoteza miezi mingi bure.

Mfano ulio wazi watoka Marekani, katika Shirika la Taifa la Sayansi liitwalo NSF. Mwaka 2012 idara zake mbili za elimu ya viumbe zilianza kuwataka wataalamu walete ombi la awali mwezi wa Januari. Maelezo ya kazi yenyewe yalikuwa kurasa nne tu, wala hesabu ya fedha haikutakiwa. Waliochaguliwa waliitwa kuleta ombi kamili mwezi wa Agosti. Mwaka 2018 idara hizo ziliuacha mpango huo, zikaanza kupokea maombi kamili wakati wowote. Lakini njia yenyewe haikufa. Wafadhili wengi wa nchi nyingi wangali waitumia, na wengine hutaka barua ya nia tu, yaani barua fupi ya kusema, "Sisi tutaleta ombi."

Sasa shikeni jambo hili moja, maana ndilo kiini cha maneno yetu. Kwa wafadhili wakubwa, mwombaji wa fedha si profesa. Mwombaji ni chuo. Fedha zikitoka huingia katika hesabu ya chuo, na anayetia sahihi ni ofisa aliyewekwa na chuo kwa kazi hiyo. Kwa hivyo ombi kamili halina budi kupita ofisini. Lakini ombi la awali, kwa wafadhili wengine, profesa aweza kulituma kwa mkono wake mwenyewe, usiku, bila mkuu wa idara wala karani wa fedha kujua. Huo ni mlango usio na bawabu.

Basi swali ni hili: Je, karatasi hizi chache nazo zipitishwe na chuo kabla hazijatumwa, au ziachwe ziende?

MANENO YA PANDE MBILI

Upande mmoja wasema ziachwe. Wasema hakuna fedha bado, hakuna sahihi, na kumi zikitumwa huenda ikajibiwa moja. Kwa nini kuwapa makarani mzigo, na kumchosha mtaalamu kwa kitu ambacho huenda kisizae?

Upande wa pili wasema kila karatasi iendayo kwa mfadhili, hata barua ya mistari mitano, ipite ngazi zote: mkuu wa idara, mkuu wa kitivo, ofisi ya utafiti, ofisi ya fedha, mpaka kwa naibu chansela.

Sisi twasema pande zote mbili zimekosea kidogo. Ombi la awali lipite, lakini lipite kwa sababu ya ahadi zilizomo, si kwa sababu ya kumtawala mtu. Na ruhusa itoke upesi.

Tuchukue mambo ya kazi yetu. Mahali penye njia moja ya reli, dereva hatoki stesheni kwa kuona tu ya kwamba injini yake ina moto na mabehewa yamejaa. Hungoja ruhusa ya njia. Stesheni masta lazima ajue kwanza kama njia ya mbele ni tupu mpaka stesheni ya pili. Tazameni vile vile stesheni masta haulizi nini. Haulizi abiria wa behewa la tatu aenda Mombasa kuoa au kuzika. Hilo si lake. Yeye auliza kama njia ni tupu.

Hivyo ndivyo ofisi ya chuo iwe. Isimwulize mtaalamu kwa nini apenda kuchunguza mbu badala ya mahindi. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 33, yalinda uhuru wa wasomi na uhuru wa utafiti wa sayansi, na sisi hatutaki uhuru huo uguswe. Ofisi iulize mambo manne tu: Umeahidi nini kwa jina la chuo? Nani atafanya kazi hiyo? Nani atalipa yale ambayo mfadhili halipi? Na matokeo yatakuwa ya nani?

AHADI NI DENI

Wengine watasema ombi la awali halina ahadi. Lina ahadi nyingi. Mtu akiandika "chuo kitatoa maabara, gari na mafundi wawili," ameahidi. Akiandika "kazi yote itagharimu shilingi kadha," ameahidi, hata kama ameongeza neno "takriban." Mfadhili humwita kwa sababu ya maneno yale. Atakapoleta ombi kamili hataweza kugeuka na kusema gari halipo na gharama ni mara mbili.

Wamarekani waliliona jambo hili. Ilikuwa desturi ya wataalamu kuahidi, bila kulazimishwa na mtu, ya kwamba chuo chao kitaongeza fedha zake ili ombi lao lipendeze kuliko la jirani. Tangu Januari 2011 NSF imekataza ahadi za namna hiyo katika maombi yake. Nchi yenye vyuo tajiri imeona hatari ya mtu mmoja kuahidi mali ya nyumba nzima. Je, vyuo vyetu, ambavyo mara kwa mara huchelewesha mishahara, vitaacha ahadi hizo zitoke bila kuangaliwa?

Na kuna gharama ambazo mtaalamu hazioni kwa sababu si yeye azilipaye. Utafiti unakula stima. Friji ya maabara ya kuhifadhi damu katika baridi ya digrii 80 chini ya sifuri haizimwi mchana wala usiku, na stima ikipotea lazima jenereta iwake. Kuna maji, ulinzi, kufagia, kuandika hesabu na kukaguliwa. Wafadhili huita hizo gharama zisizo za moja kwa moja, na kila mmoja ana kipimo chake. Kwa miaka mingi taasisi za afya za serikali ya Marekani, NIH, zililipa vyuo vya nchi za nje asilimia 8 tu kwa gharama hizo, na vyuo vingi vya Marekani vyenyewe vilikuwa na mapatano ya zaidi ya asilimia 50. Hatusemi chuo chetu kikatae fedha kwa ajili hiyo. Twasema mtu wa hesabu aketi aone pengo hilo mapema, aseme litajazwa na nini. Pengo lisipojazwa na mfadhili, wenzetu mwajua hujazwa na nani. Hujazwa na kibarua asiyepandishwa cheo, na mfagiaji aliyeongezwa ghorofa ya pili kwa mshahara ule ule.

Mwenzetu mmoja, fundi wa maabara katika chuo ambacho hatutakitaja, alitueleza habari zake. Mradi ulikuja wa miaka mitatu, na yeye aliajiriwa kwa mkataba wa miezi kumi na mmoja, ukafanywa upya mara mbili. Alipouliza kwa nini si mkataba wa miaka mitatu, idara ilisema mfadhili hakuweka. Alipouliza aliyeandika ombi, aliambiwa ya kwamba katika karatasi za kwanza kabisa fundi hakutajwa, ilitajwa mashine tu. Mashine ilipata nafasi yake, mtu akatafutiwa nafasi baadaye. Mradi ulipokwisha, mashine ilibaki imefunikwa turubai kwa kukosa mtu wa kuitunza, naye mwenzetu akarudi nyumbani. Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mfanya kazi haki ya kutendewa kwa usawa kazini. Haki hiyo yaanza wakati wa kuandika ombi, haingojei siku ya kufukuzwa.

MATOKEO NI YA NANI

Kuna jambo lililotokea hapa Nairobi ambalo lafaa kukumbukwa. Tangu miaka ya 1980 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Canada, walifanya kazi na akina mama wa Pumwani Majengo waliokuwa wakijiuza. Wakaona ajabu: baadhi yao, miaka mingi mbele ya hatari ya UKIMWI, hawakuambukizwa. Maarifa yaliyotokana na damu yao yalisaidia wataalamu wa Nairobi na wa Oxford, Uingereza, waliposhirikiana kutengeneza chanjo ya kujaribu. Mwaka 2000 kukazuka ugomvi mkubwa: haki ya kumiliki uvumbuzi huo ilikuwa imeombwa huko Uingereza bila wataalamu wa Nairobi kutiwa ndani. Kelele zilipigwa, mapatano yakaandikwa upya ili Nairobi nayo iwe na sehemu yake.

Ugomvi huo ulitengenezwa, nasi twafurahi. Lakini funzo lake ni wazi. Neno la nani atamiliki nini haliwekwi mwisho wa kazi wakati mali imekwisha kuonekana. Laanza katika zile karatasi za kwanza, wakati mali bado ni wazo tu na hakuna wa kuigombania. Na wale akina mama waliotoa damu, nani alikuwa akiwasemea siku karatasi ya kwanza ilipoandikwa?

Treni ikiwa bado stesheni, kuigeuza iende njia nyingine ni kazi ya mtu mmoja kuvuta mkono wa pointi. Ikishatoka na kuanguka, wataitwa watu mia na kreni. Hiyo ndiyo sababu yetu kubwa ya kutaka ruhusa itolewe mapema. Katika ombi la awali kubadili neno hakugharimu kitu. Katika ombi kamili kwagharimu wiki nyingi. Fedha zikishafika, kwagharimu kesi.

LAKINI OFISI NAYO ISIWE KIZUIZI

Sasa twageukia upande wa pili, maana hatupendi kumpa bawabu rungu bila kumpa sheria.

Sisi wafanya kazi twaijua faili ilalayo. Mtu huomba likizo ya mwezi wa Aprili akapewa jibu mwezi wa Juni. Karani husema faili iko kwa mkubwa, na mkubwa yuko semina Naivasha. Kwa ombi la utafiti hali hiyo ni kifo, kwa sababu mfadhili ana siku ya mwisho na saa ya mwisho, na hangoji mkubwa arudi. Mhadhiri kijana aliyekaa usiku akiandika, jina lake halijulikani, hana mjomba ofisini, ndiye faili yake hulala. Profesa mkubwa hupiga simu, faili yake huamka. Ruhusa isiyo na kanuni ni upendeleo uliovaa tai.

Pia kuna wafadhili waliowekea vyuo idadi. NSF ina mpango wa kununulia vyuo mitambo mikubwa ya utafiti, na kwa miaka mingi kila chuo kiliruhusiwa kuleta maombi matatu tu. Chuo kina wataalamu mia; maombi ni matatu. Basi lazima wachaguane wenyewe kwanza, kwa maombi mafupi ya ndani. Wakipuuza na kutuma manne au matano, yaweza kurudishwa bila kusomwa. Hapo ruhusa ya ndani si mzaha. Ni kama njia moja na treni tatu. Lakini nani achague? Kama wachaguzi ni wale wale wenye maombi, twajua jibu kabla ya kikao.

Na tukumbuke hali ya nchi yetu. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya mwaka 2013 iliunda Mfuko wa Taifa wa Utafiti, ikasema Hazina iutie kila mwaka fedha zinazolingana na asilimia 2 ya pato la taifa. Fedha hizo hazijawahi kufika kiasi hicho. Kwa hivyo mtaalamu wetu hugeuza uso kwa wafadhili wa ng'ambo, na wafadhili wa ng'ambo wana maswali yao. Ofisi ikimchelewesha mtaalamu kwa ombi la ng'ambo na Hazina ikamnyima la nyumbani, tumemfunga mikono yote miwili, kisha twamwuliza kwa nini hafanyi kazi.

TUNAYOYATAKA

Kwa hayo yote, twatoa maoni yetu kama ifuatavyo, na twaomba ndugu zetu wa vyama vya vyuo vikuu wayachukue mezani wakati wa kupatana na wakuu wao:

1. Barua ya nia isiyo na hesabu ya fedha, wala ahadi ya watu, nyumba au mitambo, isihitaji ruhusa. Nakala moja ipelekwe ofisi ya utafiti iandikwe katika daftari, basi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

2. Ombi la awali lenye ahadi yo yote kwa jina la chuo lisitumwe bila ruhusa. Fomu iwe ya ukurasa mmoja, yenye yale maswali manne tuliyoyataja, wala si kitabu.

3. Jibu litoke kwa siku tano za kazi. Mkubwa akisafiri, aache mtu wa kutia sahihi. Siku tano zikipita kimya, mtaalamu aende moja kwa moja kwa naibu chansela, na aliyekawia aandike sababu.

4. Likikataliwa, sababu iandikwe kwa maneno yanayofahamika, na mtu awe na mahali pa kukata rufani kabla ya siku ya mwisho ya mfadhili.

5. Mfadhili akiweka idadi, tangazo libandikwe ubaoni mapema kwa idara zote. Mwenye ombi asikae katika kamati ya kuchagua, na majina ya walioshinda yabandikwe ubao ule ule.

6. Penye swali la nani atafanya kazi, wakuu wa mafundi na wa madereva waulizwe, watie sahihi yao. Miezi ya mkataba wa mfanya kazi ilingane na miezi ya mradi. Na iandikwe mashine itatunzwa na nani mradi ukiisha.

7. Utafiti ukiwa wa watu wa mtaa au kijiji fulani, ombi la awali liseme watu hao watapata nini na wataambiwa matokeo kwa lugha gani. Kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI zitakuja baadaye kwa kazi yake. Lakini neno hili lisingoje huko.

Watatokea watu wa kusema ya kwamba wafanya kazi wanataka kuendesha vyuo. Hatutaki. Hatujui kupima damu wala kuhesabu nyota, na walio na elimu hiyo twawaheshimu na kuwaombea fedha nyingi zaidi. Lakini sisi twajua kazi ni nini, twajua mkataba ni nini, na twajua lini mtu ameahidi kitu kisicho chake. Kwa hayo tuna haki ya kusema.

Ndugu wa vyuoni wanaosoma karatasi hii, tafuteni fomu inayotumika kwenu. Kama haipo, ulizeni kwa nini. Kama ipo, someni kama mfanya kazi ametajwa ndani yake hata mara moja. Kisha mwandikieni mhariri, tuchapishe majibu yenu katika toleo lijalo.